Ngazi za Bugarika

Daktari wa Bugando aliinua picha kwenye taa
akasema moyo wangu umetanuka.
Nilicheka hadi nikakohoa.
Kwandu alishawaapia majirani kwamba sina moyo;
kumbe ninao, tena umezidi kipimo.

Hakucheka, yule kijana. Aliuliza ninaishi wapi.
Bugarika, nikamwambia, juu,
penye jiwe lililokaa kama ng'ombe anayecheua.
Akaacha kuandika.
Juu kiasi gani?

Ndiyo maana Jumapili nahamia Tabora
kwa mwanangu Holo, nyumba ya tambarare,
ambako, anasema, hata maji yakimwagika
hayajui yaelekee wapi.

Zimebaki siku nne.
Sitaki kuzifanyia karamu.
Nataka kuzila kama michembe,
kipande kimoja kimoja, upande wenye meno.

Alhamisi, mjukuu wangu Sayi anapandisha ndoo
akihesabu ngazi kwa sauti ili asisikie uzito.
Mia mbili na kumi na moja, anasema, anatua.
Mia mbili na kumi na nne, namwambia.
Miaka thelathini na mmoja nimezipanda,
na mimba, na kuni, na gunia la mihogo,
nikazishuka nyuma ya jeneza la babu yako.
"Basi bibi ulihesabu na mawe."
Tunabishana mpaka ugali unapoa.
Nauacha upoe.

Ijumaa anakuja Kwandu.
Miaka mitatu hatukusalimiana,
kisa bati lake linamwaga mvua ukutani kwangu.
Lakini usiku ule wa Machi pumzi ilipokata
ni yeye aliyepiga sufuria kwa mwiko kuamsha vijana,
ni yeye aliyenifunga kwa kanga yake kwenye kiti cha plastiki,
akatangulia na tochi, akiwatukana:
"Inueni nyuma! Huyo si mkaa!"
Nami, katikati ya kufa na kutokufa,
niliona taa za wavua dagaa kule ziwani,
nyingi, zimetulia,
kama mtaa mwingine usio na ngazi.

Leo hatutaji bati.
Ameleta sato wa kuchoma, bila chumvi, amri ya daktari.
Hana ladha kabisa.
Namla mpaka jicho.
Kwandu anachambua miiba, anaipanga ukingoni mwa sahani
kana kwamba mtu atakuja kuidai.

Jumamosi sifanyi kitu.
Jiwe hutunza jua mpaka saa tatu usiku;
naliegemeza mgongo, linanikanda.
Pimbi wametoka, wananitazama kama wenye nyumba.
Sayi amenilalia pajani, mkubwa sasa, miguu inabaki nje ya mkeka.
Ananuka sabuni na jasho la mpira.
Najifanya nimesinzia ili asiondoke;
naye, namjua, anajifanya vilevile.

Jumapili vijana wanafika na kile kiti.
Nawaambia kije nyuma yangu, kitupu.
Nilishashushwa mara moja; leo ninashuka.
Ngazi kumi, napumzika. Nane, napumzika.
Kwa mama Ng'washi napewa uji, nakunywa nusu.
Kwa fundi redio nasimama mpaka wimbo wake uishe.
Tano, napumzika.
Mahali fulani baada ya mia moja na tisa
mtoto nisiyemjua ananishika kidole
na hesabu inanitoka.

Chini, bajaji inanguruma, Sayi ameshapakia begi.
"Ngapi, bibi?"
Nafungua mdomo, sina namba.
Naye hataji yake.

Kwandu hakushuka; magoti yake na mlima waligombana zamani.
Bajaji inapoanza kuondoka, tunasikia
kutoka juu kabisa, sufuria na mwiko,
kwa nguvu, bila mpangilio,
na milango ya Bugarika inafunguka mmoja mmoja,
vijana wanachungulia wakiulizana
nani tena anaumwa.